Karatasi Chini ya Breki

Usigeuze uso. Ulikuwa pale. Ulikuwa wa kumi na saba kwenye foleni ya unga wa njano, mbele ya duka la Javan kule Shauri Moyo, Alhamisi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwaka huu wa themanini na nne ambao hata mvua imetukimbia. Uliisikia injini kabla ya kuliona gari. Ulimwona Ndindi akivuka barabara na ndoo ya uji kichwani, uji wa mafundi wa Gikomba, kama alivyovuka kila asubuhi kwa miaka kumi na moja. Kisha ukasikia breki, ukasikia na kile kingine ambacho mpaka leo hutaki kukitaja, ukaona uji ukitambaa kwenye lami. Na ulifanya nini? Ulimsogelea aliye mbele yako, usije ukapoteza nafasi.

Sajini Nalianya hakuwa pale. Yeye aliletewa faili tu, Ijumaa asubuhi, na lilikuwa jembamba.

"Hii ni ya kufunga," mkuu wa kituo alimwambia bila kumtazama. "Mama wa uji amekufa, dereva amekiri. Andika muhtasari, Jumatatu iende kortini. Ukimaliza kabla ya saa sita nitafurahi."

Wakati huo mgeni wa mkuu alikuwa akitoka. Alikuwa mtu mrefu, mnene, na kofia mkononi: Naftaly Ngigi, mwenye bohari la mabati na misumari Gikomba, mwenyekiti wa kamati hii na mfadhili wa kanisa lile. Alimpa Nalianya mkono laini, akamwambia, "Pole kwa kazi, kijana," ingawa Nalianya alikuwa na miaka arobaini na sita. Halafu akaenda zake, na chuma kilichopigiliwa visiginoni mwa viatu vyake kikalia kwenye saruji mpaka nje. Ka, ka, ka.

Nalianya alikaa na faili. Karatasi tatu. Mchoro wa barabara uliochorwa na mtu mwenye haraka. Taarifa ya dereva, Nyamai, mistari minane na alama ya kidole gumba. Taarifa ya Ngigi, ukurasa mmoja na nusu. Hii aliisoma mara mbili.

Ngigi alisema pikapu ilikuwa yake, mpya, ya silinda nane, imeshuka melini Mombasa wiki hiyo, na Nyamai alikuwa akimletea. Yeye alikuwa ameenda kuipokea Mto Athi kwa gari lake jingine, Pijo, iliyoendeshwa na mfanyakazi wake Muturi, na akaifuata kwa nyuma. Baada ya ajali, Muturi ndiye aliyeipeleka pikapu bohari. Mwishoni kulikuwa na sentensi ambayo hakuna polisi aliyeiuliza: *Mimi sijawahi kukalia kiti cha usukani cha gari hilo hata dakika moja, kwa kuwa litaombewa kwanza nyumbani Kangema siku ya Ijumaa, mbele ya mama yangu.*

Nalianya alikuwa amefanya kazi hii miaka ishirini na mbili. Mtu anayejibu swali ambalo hajaulizwa humfanya akune sikio. Alilikuna.

Akaenda kwa Sirad, konstebo wa kike aliyetunza daftari la seli na lile la vielelezo. Akatafuta mstari wa Nyamai. *Mshipi mmoja. Saa moja, kioo kimepasuka. Leso moja. Viatu: hakuna.*

"Huyu mtu aliletwa peku?"

"Peku kabisa, Sajini. Nilidhani mmemvua huko barabarani."

"Sisi?"

"Isingekuwa mara ya kwanza," Sirad alisema, akageuza ukurasa.

Nyamai alitolewa seli. Alikuwa mfupi, miaka hamsini na mitatu, mikono imekakamaa kama mti wa mpingo. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa na kazi moja tu duniani: kuchukua magari mapya bandarini na kuyafikisha kwa wenyewe. Kitale, Meru, Kisii, popote. Nyumbani kwake ni mtaa wa Tena, na mke wake Koki alikuwa ameketi nje ya kituo tangu jana, na chupa ya chai ambayo hakuna aliyekubali kuipokea.

"Umekula?"

"Nimekula, afande."

"Huo uongo wa kwanza. Keti."

Nyamai akaketi, akasema kabla ya kuulizwa: "Nilikuwa naendesha. Nilienda kasi. Mama akavuka. Nimekosa."

Maneno yaleyale ya kwenye taarifa, kwa mpangilio uleule. Mtoto wa shule akikariri hesabu za jedwali angeweka uhai zaidi.

"Kasi gani?"

"Kasi sana."

"Hiyo si namba."

"Mia na kitu."

"Basi wewe ni dereva mbaya," Nalianya alisema taratibu. "Injini ndiyo kwanza imetoka melini, haijazoea hata hewa yetu, na wewe ukaikimbiza mia na kitu. Tangu Mombasa?"

Kitu kiliamka usoni mwa Nyamai. Alijaribu kukilaza, hakikulala.

"Tangu Mombasa, themanini. Themanini, afande. Injini mpya hulelewa. Mariakani, Voi, Mtito Andei, malori yananipita yakinipigia honi na mimi nimekaa themanini, na hilo dude lina nguvu ya kupaa. Ukiligusa kidogo linataka kukutoka mikononi. Mtu wa Makindu aliniuliza kama nimebeba mayai." Karibu atabasamu. "Nililala Sultan Hamud. Nyuma, kwenye bodi, si ndani. Ndani viti bado vina nailoni ya kiwandani."

"Na viatu vyako viko wapi?"

"Nyuma ya kiti. Nimevifunga na gazeti."

"Kwa nini?"

Nyamai alimwangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavua kofia kanisani. "Gari jipya la mtu utaliingia na viatu? Chini kuna karatasi ya kaki, inawekwa hukohuko kiwandani. Mwenyewe akifungua mlango anataka aikute vile ilivyowekwa. Walionifunza kazi hii walinifunza hivyo. Ukipeleka karatasi imekanyagwa na viatu, safari nyingine hupewi."

"Kwa hiyo nikienda sasa hivi nitaikuta bila alama ya kiatu."

Nyamai akatazama miguu yake, ambayo bado ilikuwa na vumbi jekundu la Voi katikati ya vidole.

"Usiende, afande."

"Kwa nini nisiende?"

"Binti yangu Kavutha anapiga taipu kwake. Kwa ofisi yake. Ameniambia atamtunza kama mtoto wake wa kumzaa."

"Nani amekuambia?"

Nyamai alisugua mguu mmoja kwa mwingine.

"Wapi? Pale barabarani, Ndindi akiwa chini?"

"Nikifungwa mitano nitatoka na hamsini na nane," Nyamai alisema. "Kavutha atakuwa bado na kazi. Mimi nimeshapiga hesabu yangu. Andika, nirudi ndani."

Nalianya hakuandika. Alivaa kofia yake, akaenda Gikomba kwa miguu.

Uwanja wa bohari ulikuwa na shangwe. Wanawake wa kanisa walikuwa wakifunga riboni nyekundu kwenye vioo vya pembeni, na mmoja alikuwa akijaribu sauti ya wimbo. Katikati ilisimama pikapu, nyeusi, pana, pua yake juu kama ya mtu anayesikia harufu mbaya. Taa ya mbele upande wa kushoto ilikuwa mpya kuliko mwenzake. Polisi wa barabarani walikuwa wamekagua bampa na breki, wakapima hiki na kile, wakairudisha kwa mwenyewe siku hiyohiyo. Ndani hakuna aliyetazama.

Muturi alikuwa akisugua boneti. Alikuwa mrefu kama mlingoti, kijana wa kuchekacheka, na miguuni alivaa akala, zile ndala zinazokatwa kutoka kwenye tairi kuukuu.

Nalianya alichungulia dirishani bila kugusa. Kiti cha usukani kilikuwa kimesukumwa nyuma mpaka mwisho. Nyamai, kwa urefu wake, asingeifikia hata klachi. Akamtazama Muturi na miguu yake mirefu, na kwa dakika nzima aliamini amempata mtu wake. Kijana, gari lenye nguvu, barabara tupu asubuhi. Alikuwa ameshaona hilo mara nyingi.

"Ulilifurahia, eh? Kutoka Mto Athi."

"Mimi? Mimi nilikuwa na Pijo, afande. Pijo ya mzee inakohoa ikifika tisini. Niliachwa mpaka nikadhani nimepotea njia. Nilipofika Shauri Moyo watu walikuwa wameshasimama kando."

"Ulikuwa na Pijo. Peke yako?"

Muturi akaacha kusugua. Kitambaa kikadondosha maji kwenye akala zake.

"Na kiti hiki ulikisukuma nyuma wewe?"

"Sikukigusa. Nilikikuta hivyo, kikanifaa." Akashusha sauti. "Mzee amekataza ndani kuguswa. Nje nioshe mpaka nione sura yangu, ndani hata vumbi nisipanguse. Nailoni itachanwa na mama yake mwenyewe. Kwao ndivyo wanavyofanya: gari lifike langoni kama lilivyotoka dukani, wazee waombe, mama achane. Gari ambalo limeshachezewa mama halipokei."

Nalianya akafungua mlango, akapiga goti, akaitazama karatasi ya kaki chini ya pedali.

Aliitazama kwa muda mrefu. Wimbo wa wanawake ulikatika, ukaanza tena.

Chini kabisa palikuwa na nyayo za mguu mtupu, vidole vitano vya jasho na vumbi jekundu, zimepita palepale mara elfu, laini, bila kukunja hata pembe. Huo ulikuwa mguu wa Nyamai kutoka baharini mpaka Mto Athi. Juu kabisa palikuwa na mistari ya tairi, hafifu, ya mtu aliyeendesha mwendo mfupi kwa uangalifu. Hizo zilikuwa akala za Muturi, kutoka Shauri Moyo mpaka hapa. Na katikati ya hizo mbili, juu ya vumbi jekundu na chini ya mistari ya tairi, palikuwa na alama ya tatu: mwezi mwembamba wa chuma cha kisigino. Ulijirudia kila mahali, umekwaruza hapa na pale. Mbele ya pedali ya breki ulikuwa umezama, ukaburura, ukaichana karatasi urefu wa kidole. Mtu mzito alikuwa amekanyaga breki kwa nguvu zake zote, na alikuwa amechelewa.

"Sajini." Ngigi alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi. "Hilo gari linaondoka saa sita. Mama ana miaka themanini na mbili, ananingoja langoni. Hata mke wangu hajaliketia."

"Vizuri, mzee. Na wewe pia hujaliketia."

"Nimeandika hivyo."

"Nimesoma. Ndiyo maana nachukua hii karatasi."

"Karatasi gani?"

"Ya chini ya breki."

Ngigi akacheka, akawageukia wanawake ili wacheke naye. "Maskini serikali. Mmekosa mpaka karatasi?" Akaja. Ka, ka, ka kwenye saruji. Akafika, akainama kidogo, akaona Nalianya anaishika kwa ncha za vidole kama mtu anayebeba mtoto mgonjwa. Akaona ule mpasuko. Halafu, polepole sana, akatazama viatu vyake.

"Irudishe," alisema. Sauti ilikuwa nyingine.

Nalianya akaiingiza kwenye bahasha kubwa. Akanyoosha mkono nyuma ya kiti, akatoa viatu vya Nyamai, vya raba, vimefungwa kwenye gazeti la Jumatano. "Muturi, umeniona nikivitoa. Tia sahihi hapa."

Muturi alimtazama tajiri wake. Akaweka mikono nyuma.

Nalianya akaandika mwenyewe: *Muturi yupo, ameona, amekataa kutia sahihi.* Akamsomea, ili ayabebe maneno hayo popote atakapolala.

Alirudi kituoni akitembea haraka bila kukimbia. Simu ilikuwa ikilia ofisini kwa mkuu alipomfikia Sirad. Sirad alichovya kalamu, akaandika: kielelezo namba arobaini na moja, karatasi ya kaki; namba arobaini na mbili, viatu jozi moja. Akapiga mhuri. Wino ulikuwa haujakauka mlango ulipofunguliwa.

"Nalianya. Leta hiyo takataka."

"Imeshaingia daftarini, bwana."

"Itoke."

"Ni wino, bwana," Sirad alisema, macho chini. "Na kurasa zina namba."

Mkuu wa kituo aliwatazama wote wawili. Hakuwa mjinga mtu yule, alikuwa amechoka tu kwa njia ile inayolipa. Aliegemea mlango.

"Karatasi. Wakili wake atasema uliikanyaga mwenyewe na kiatu cha kuazima, na hakimu atapiga miayo. Una jicho? Una mtu mmoja aliyemwona Ngigi usukanini?"

"Foleni nzima ya unga, bwana. Watu arobaini."

"Arobaini." Mkuu alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Waliandikisha taarifa wangapi?"

Nalianya alilifikiria lile faili jembamba la karatasi tatu.

"Lete mmoja. Kesho mpaka saa nne. Saa nne kuna lori la uhamisho la kwenda Mandera, jangwani, na jina lako liko ndani yake."

Saa sita pikapu ilipita barabara kuu na riboni zake, wanawake wakiimba nyuma. Kangema wazee wameomba. Mama mzee amechana nailoni kwa mikono yake. Hakuna aliyemwambia kwa nini chini hapakuwa na karatasi.

Na sasa ni Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu, na Nalianya amesimama mbele ya duka la Javan. Lami imeoshwa, lakini uji umeacha doa la weupe pale mchanga ulipounywa. Foleni ni ileile. Watu wameshika mifuko yao mitupu.

"Nani alimwona aliyeshuka kwenye gari?"

Watu wanatazama visogo vya wenzao.

"Mimi nilikuwa naangalia mlango wa duka," mmoja anasema. "Unga hauna macho ya kukungoja."

"Karao, wewe unakula kituoni," mwingine anasema, na wachache wanacheka. "Tuachie foleni yetu."

"Nyamai hakuendesha. Mnajua. Jumatatu anafungwa."

"Nyamai ni wa Tena. Wa Tena wamtetee."

Javan anatoa kichwa dirishani, anawakumbusha sheria yake ya mwaka huu wa njaa: mkebe si mtu, jiwe si mtu, kapu si mtu. Anayetoka ametoka. Na leo ana magunia matano tu.

Ndipo Annah, muuza makaa, aliyesimama nyuma yako Alhamisi na amesimama nyuma yako leo, akatoka.

Alitoka tu, kama mtu anayeshuka ngazi. Nafasi yake ikazibwa kabla hajavuka mtaro. Aliisikia ikizibwa, hakugeuka.

"Alishuka mlango wa kulia," alimwambia Nalianya. "Mlango wa usukani. Mnene, mrefu, viatu vinalia. Alimzunguka Ndindi kama mtu anayekwepa matope. Akaenda mlango wa kushoto, akamvuta yule mfupi asiye na viatu, akamwambia, wewe ndiye dereva, una binti. Yule mfupi alikuwa analia. Ndindi alikuwa bado anapumua, afande. Hilo uandike pia. Alikuwa bado anapumua, na sisi tulikuwa tunahesabu magunia."

Nalianya aliandika. Annah akaweka kidole gumba, kidole kilichokuwa na weusi wake wa makaa hata kabla ya wino. Kisha akatazama duka. Gunia la tatu lilikuwa linafunguliwa.

"Leo watoto watalala na chai," alisema. Akakaa kwenye ukingo wa mtaro, akakaa tu.

Ni mmoja. Wakili wa Ngigi atasema ni muuza makaa, macho yake yana moshi, ana chuki na wenye magari. Atamgeuza mwongo kabla ya chai ya saa nne. Wawili atahangaika nao. Watano hawezi. Arobaini hakuna wakili aliyezaliwa anayewaweza, na hakuna mkuu wa kituo mwenye daftari la kuwafutia ndani.

Jumatatu, saa tatu asubuhi, Nyamai ataingia kortini peku, kwa sababu viatu vyake sasa ni kielelezo namba arobaini na mbili. Atasema alikuwa akiendesha. Atasema alienda kasi. Kavutha atakuwa kazini anapiga taipu barua za mtu yule, na Koki atakuwa nje na chupa yake.

Wewe ulikuwa mbele ya Annah. Uliona zaidi yake. Hukuzuiwa na kitu isipokuwa mgongo wa mtu mmoja na kilo mbili za unga wa njano. Miaka hii yote tumekuwa tukigeuza uso, kodi ikipanda, kibanda kikibomolewa, jirani akichukuliwa, na kila mara tumejiambia tutasema kesho, tukishapata unga.

Saa inakaribia moja. Lori la Mandera linaondoka saa nne. Sajini amesimama ng'ambo ya barabara, karibu na lile doa, na kalamu yake iko wazi.

Toka kwenye foleni. Vuka. Mwambie jina lako.